Neno "coyly" lina maana gani hasa, na limetoka wapi?

mpenda_riwaya

Habari zenu wakuu. Natafsiri hadithi fupi ya mapenzi kutoka kiingereza, sio kazi ya kulipwa ni mazoezi yangu tu, sasa nimekwama sehemu moja. Kuna dada kaulizwa na jamaa kama ana mtu, mwandishi anasema "she smiled coyly" af dada akageuza uso akaangalia dirishani. Kamusi moja inaniambia ni kwa haya, nyingine kwa aibu. Nikiandika alitabasamu kwa aibu naona nimemharibu kabisa yule dada, maana kurasa zote za nyuma huyu hana aibu hata chembe, ndo yeye anayemvuta jamaa toka mwanzo, jamaa mwenyewe ndo mwoga.

Kwa hiyo nauliza vitu viwili. Hili neno linabeba nini ambacho aibu haibebi? Na asili yake ni ipi, maana nikiliangalia halifanani na neno lolote ninalolijua zaidi ya decoy, je ni ndugu? Na wale samaki wanaoitwa koi nao wamo?? 😀

---

bibi_sarufi

Kamusi hazijakudanganya ila zimekupa nusu. Aibu inampata mtu, haiombwi. Mtu mwenye aibu anatamani ardhi ipasuke aingie, hataki aonekane kabisa. Huyu wa coyly hajifichi, anataka aonekane anajificha, na ndo maana neno hili halikai vizuri kwa mtu aliye peke yake chumbani. Jaribu kulifikiria, mtu katabasamu coyly akiwa peke yake, kwa ajili ya nani? Lazima pawe na wa kutazama.

Kiswahili tunayo picha hiyo tena kwa maneno mawili tu, sitaki nataka. Mtu anakwambia hapana kwa mdomo na macho yanasema endelea kuuliza. Shida ni kwamba "alitabasamu kwa sitaki nataka" kwenye riwaya inaweza ikasikika kama vichekesho, inategemea hadithi yako ina sauti gani.

Af kingine usisahau ule utamu wa kuzuia kidogo. Mtu anayetongoza waziwazi huyo sio coy hata kidogo, na anayekataa kabisa naye sio. Katikati hapo ndo penyewe, anatoa kidogo anaficha kingi ili uje kuchukua mwenyewe.

---

kilatini_mtaani

Asili naijua vizuri hii ngoja niseme, itakuwa ndefu mnivumilie.

Mzizi ni kilatini, quietus, yaani tulivu, aliyetulia, aliyepumzika. Kilatini kilipogeuka polepole kuwa kifaransa hilo neno likasagika midomoni mwa watu karne kwa karne mpaka likabaki coi. Wafaransa wanalo hadi leo, siku hizi wanalitamka kama "kwa", na wakisema mtu kabaki coi wanamaanisha kakaa kimya, kaishiwa la kusema, hakuna mapenzi hapo wala kurembua macho. Wanormani walipoiteka Uingereza 1066 maneno ya kifaransa yakaanza kumiminika kule, na hili likaja kuonekana kwenye maandishi ya kiingereza kwenye miaka ya 1300 na kitu, likiwa bado na maana ya utulivu na upole tu.

Sasa kinachofurahisha ni kwamba quiet nalo limetoka hapohapo kwenye quietus. Kwa hiyo coy na quiet ni ndugu wa damu, mmoja kapita njia ya watu wa kawaida akachakaa, mwingine akaletwa baadaye na watu wa vitabu akiwa bado na herufi zake karibu zote. Na ukoo ni mkubwa, quit yumo, acquit ya mahakamani yumo, hata requiem ile misa ya marehemu imo kwa upande wa mjomba, kote huko wazo ni lilelile la kupumzika au kuachwa huru utulie.

Ile -ly ya mwisho haina ufaransa wowote, hiyo ni kiingereza chenyewe cha zamani, ilikuwa -lice na nyuma yake kuna neno lic lililomaanisha mwili au umbo. Wajerumani wana ndugu yake, Leiche, kwao sasa hivi ni maiti. Kwa hiyo ukilipasua coyly vipandevipande unapata kitu kama "kwa umbo la utulivu", nusu mrumi nusu msaksoni.

Decoy sio ndugu, ingawa karibu kila mtu anadhani ni ndugu kwa sababu wote wana harufu ya kuvutia mtu kwa hila. Decoy ni ya kiholanzi, inatoka kwenye kooi yaani tundu la kufungia ndege au wanyama. Waholanzi walikuwa na mabwawa ya kunasia mabata, bwawa lina mifereji iliyopinda imefunikwa nyavu, mfereji unazidi kuwa mwembamba kadri unavyoingia ndani, na kuna mbwa mdogo kafundishwa kutokeza na kujificha nyuma ya vizuizi vya matete, bata wanamfuata kwa udadisi mpaka wananaswa. Waingereza wakaiga teknolojia wakachukua na neno, hiyo ni miaka ya 1600 na kitu. Samaki ni kijapani, hana habari na yeyote kati ya hawa.

---

mpenda_riwaya

Aisee asante mkuu, nimecheka kwenye maiti. Ila hujanimalizia, limetokaje kwenye utulivu mpaka kwenye kurembua? Maana kutoka kukaa kimya mpaka kumvuta mtu ni safari.

---

kilatini_mtaani

Safari yenyewe haikunyooka. Chaucer, mshairi wa kiingereza, mwishoni mwa hiyo miaka ya 1300 anamwelezea mama mkuu wa watawa, anasema tabasamu lake lilikuwa simple na coy, yaani la upole, limetulia. Ukisoma juujuu ni sifa ya mtawa mwema. Lakini hayo maneno mawili yakiwa pamoja yalikuwa ya kawaida kwenye mashairi ya mapenzi ya kifaransa kumsifia mwanamke mrembo, kwa hiyo wasomaji wa wakati ule waliokuwa wanajua mambo wangeguna kidogo, huyu mtawa kapewaje tabasamu la mpenzi wa mtu? Unaona mlango ulishaanza kufunguka pale.

Hatua yenyewe ni rahisi ukiifuata. Mtu mtulivu haongei sana, asiyeongea sana watu wanamwona ana haya, mwenye haya anachelewa kukubali, anayechelewa kukubali wengine wanamwona anaringa, na anayeringa kuna watakaosema anafanya makusudi. Kila hatua ni ndogo, ukifika mwisho umeshasahau ulikoanzia.

Hiyo ya kuringa ilikuwepo kweli. Kwa Shakespeare miaka ya 1590, kwenye tamthilia ya The Taming of the Shrew, Petruchio anamwambia Katherina, mwanamke anayetaka kumwoa, kwamba alikuwa kaambiwa yeye ni mkali, coy na mwenye kununa. Hapo hakuna tabasamu la pembeni, hapo maana yake ni mwenye kudengua, mwenye dharau, asiyekaribika. Na Shakespeare huyohuyo sehemu nyingine analifanya kitenzi, malkia wa viumbe wa kichawi anataka kuyapapasa mashavu ya jamaa mmoja aliyeotewa kichwa cha punda, na kitenzi anachotumia ni to coy, kwa maana ya kubembeleza, kutuliza kwa mkono. Hiyo ni maana ya zamani kabisa, ya kumfanya mtu atulie. Yaani kwa mwandishi mmoja neno linabembeleza huku na linafukuza kule.

---

jini_la_usiku

"upande wa mjomba" 😂😂 nimeielewa etimolojia kwa mara ya kwanza maishani

---

hoja_kwanza

Mi sikubaliani na bibi_sarufi kwenye hilo la kwamba lazima iwe maigizo. Kuna mtu anaona haya kwelikweli na wakati huohuo anataka, vyote viwili viko moyoni, hadanganyi chochote. Ukimwambia anajifanya unamwonea. Kwani binadamu haruhusiwi kutaka kitu na kukiogopa?

Na kuna jambo limenikaa toka nimesoma maelezo ya juu. Angalieni nani analitumia hili neno kila mara. Petruchio anasema kuhusu Katherina. Andrew Marvell karne ya 17 ana shairi zima analomwandikia mwanamke aliye coy, shairi lilitoka 1681 yeye keshafariki miaka mitatu nyuma, humo anamwambia kama tungekuwa na muda wa kutosha huku kujivuta kwako kusingekuwa kosa, ila kaburi linatusubiri basi tufanye haraka. Shairi tamu sijakataa. Lakini mwanamke mwenyewe haongei hata mstari mmoja. Sisi tunajuaje kwamba anajivuta? Labda hamtaki tu. Labda kasema hapana na jamaa kasikia "baadaye".

Mtu hasemi "mi leo nimekuwa coy". Akisema ni utani. Neno ni la mtazamaji, na mtazamaji ana maslahi yake. Kwa hiyo mpenda_riwaya kabla hujatafuta kisawe jiulize kwenye hiyo hadithi nani anasimulia, ni yule jamaa au ni msimulizi anayeingia hadi kichwani mwa dada?

---

bibi_sarufi

hoja_kwanza nakupa nusu. Kwamba kuna haya ya kweli yenye kutaka ndani yake ndiyo ipo na ni tamu kuisoma, ila kiingereza hiyo wanaiita shy au bashful, hawaiiti coy. Mwandishi akishaandika coyly keshakukonyeza kwamba dada anajua anachokifanya. Ndo tofauti yenyewe. Shy asili yake walisema kwa kiumbe anayeshtuka kirahisi, mpaka leo farasi akishtuka njiani akaruka pembeni wanasema ka-shy, na farasi haigizi. Bashful inatoka kwenye kufadhaika, mtu kapigwa na butwaa. Demure ni utulivu wa adabu, kavaa vizuri kakaa vizuri, ingawa nalo watu wanapenda kulitilia shaka. Na coquettish ni ya kifaransa kutoka coq yaani jogoo, huko ni maringo ya wazi kabisa, kifua mbele kama anayetembea uani kwake. Coy ipo kati ya demure na coquettish, karibu zaidi na jogoo kuliko watu wanavyodhani.

Hilo la mtazamaji sikatai, hilo umesema kweli.

---

nzi_wa_maabara

Naingilia kutoka upande usiotarajiwa. Hili neno limeshawahi kuleta ugomvi kwenye biolojia, tena ugomvi unaofanana na huu wa hoja_kwanza.

Darwin 1871 alipoandika kuhusu jinsi wanyama wanavyochaguana alisema jike ni coy, kwamba mara nyingi utamwona anahangaika kumkwepa dume kwa muda mrefu. Dume ana hamu jike anajivuta, basi ikawa kama sheria. 1948 Bateman akafanya majaribio na nzi wa matunda akaja na jibu linaloelekea hukohuko, dume anafaidika akipata majike wengi, jike akipata madume wengi haimwongezei kitu. Watu wakalibeba hilo miaka na miaka wakalipaka kwa wanyama wote na mwishowe kwa binadamu.

Sasa Sarah Hrdy alikuwa anawafuatilia tumbili wanaoitwa langur huko Mount Abu, India, na majike aliowaona wala hawakuwa coy, walikuwa wanawafuata madume wenyewe, tena zaidi ya mmoja, hata wa nje ya kundi. Maelezo yake ni kwamba dume mgeni akiteka kundi huwa anaua watoto wasio wake, kwa hiyo jike akilala na wengi kila dume anabaki na wasiwasi kwamba mtoto huenda ni wake, mtoto anapona. 1986 akaandika makala ambayo kichwani kabisa kaiita hiyo ya jike kujivuta kuwa ni hadithi ya kubuni. Na 2012 watafiti wengine wakarudia jaribio la Bateman wakakuta njia yake ilikuwa na kasoro, kwa sababu namna alivyokuwa anawatambua watoto wa nani ni nani ilitegemea watoto wengine wasife, na walikuwa wanakufa.

Yaani zaidi ya miaka mia moja ya sayansi neno moja la kimapenzi limekaa mezani likijifanya kipimo. Mtu anaangalia mnyama anakimbia anaandika "anajivuta". Kakuambia nani anajivuta? Anakimbia.

---

hoja_kwanza

nzi_wa_maabara njoo uchukue soda yako popote ulipo

---

jini_la_usiku

wanaume je? mbona mifano yote ni wanawake tu, mi nina mjomba ukimuuliza umri anaangalia chini anatabasamu na kuchezea kofia, si coy huyo

---

bibi_sarufi

Anaweza kabisa, neno halina jinsia kwenye sarufi. Ila mazoea yamelielemeza kwa wanawake, ukisoma riwaya za kiingereza za zamani utakuta mwanaume akiitwa coy mara nyingi anachekwa. Siku hizi wanalitumia kwa yeyote.

---

mpenda_riwaya

Sikutegemea kufika kwenye tumbili lakini nashukuru. Kwa swali la hoja_kwanza, msimulizi ni wa nje anaingia kwa wote wawili, na kwa dada ameingia sana tu, tunajua kabisa anamtaka jamaa na anafurahia kumwona anahangaika. Kwa hiyo kwangu hapo ni makusudi, sitaki nataka halali.

Nimejaribu hizi, nipeni maoni.

Alitabasamu kwa madaha, akageuza uso na kuangalia dirishani.

Alitabasamu huku akirembua, akageuza uso na kuangalia dirishani.

Alitabasamu kama asiyetaka, akageuza uso na kuangalia dirishani.

---

bibi_sarufi

Madaha mimi naisikia zaidi kwenye mwendo na mavazi, mtu anatembea kwa madaha, kwenye tabasamu inakuwa pana mno. Kurembua ni macho, na macho yako yanakwenda dirishani sentensi hiyohiyo, sasa anamrembulia nani, dirisha? Ya tatu ipo karibu ila "asiyetaka" haina kitu cha kukataa, hajapewa chochote, kaulizwa tu swali.

Jaribu kuacha kutafuta neno moja. Kiingereza kinapenda kielezi kibebe mzigo, sisi tunapenda kitendo kibebe. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu mwenye jibu asiyelitoa, akageuza uso na kuangalia dirishani.

---

kilatini_mtaani

Hiyo nzuri. Mi ningepunguza zaidi, "Alitabasamu, jibu akabaki nalo, akageukia dirishani." Na imerudi kwenye kimya kilekile cha kifaransa bila kutaka.

---

mpenda_riwaya

Nachukua ya bibi_sarufi nitaichonga kidogo. Swali la mwisho kabisa na siwasumbui tena, mbele huko bosi wa jamaa anaulizwa kampuni itauzwa bei gani, mwandishi anasema he was coy about the figure. Huyu bosi ana miaka sitini na hatongozi mtu 😀 tabasamu halipo wala dirisha.

---

kilatini_mtaani

Hiyo ni matumizi ya magazetini, utaikuta sana kwa wanasiasa wanaoulizwa kama watagombea. Mapenzi yameondoka imebaki kule kuzuia tu, mtu ana jibu, anajua kwamba unajua analo, na hakupi. Ina kachumvi ka lawama kidogo, mwandishi wa habari anaona huyu angeweza kusema. Coyly nayo inatumika hivyo, waziri akijibu coyly hajarembua, kakwepa na kucheka.

Kwa bosi wako andika tu "alikwepa kutaja kiasi". Kama bosi ana tabia ya kufurahia kuwaweka watu roho juu basi "kiasi hakukitaja, akawaacha wakisie". Usimpe haya wala madeko, atageuka mtu mwingine.

---

bibi_sarufi

"Akawaacha wakisie" iko sawa. Ila angalia kama kwenye hadithi kuna mtu mwingine chumbani zaidi ya jamaa, kama wapo wawili tu iwe akamwacha akisie.